Kuufuata Ruzizi kutoka Bukavu hadi Uvira

Mto Ruzizi hutoka Ziwa Kivu pale pale Bukavu, kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuingia Ziwa Tanganyika kwenye mita 770 hivi. Karibu mita 700 za mteremko, nyingi zikimalizika kwenye makorongo ya juu. Ndiyo maana samaki wa Tanganyika hawakupanda wenyewe hadi Kivu: sambaza, samaki wadogo tunaowala Bukavu, waliletwa na watu mwishoni mwa miaka ya 1950.

Nenda Juni hadi Agosti. Mvua ikinyesha, barabara kwenye mteremko wa Ngomo huwa tope na malori hukwama. Siku moja kabla, ulizia usalama kwa madereva waliotoka Uvira siku hiyo hiyo; habari za wiki iliyopita hazikusaidii. Ondoka alfajiri na koti, lakini vaa shati jepesi ndani, maana Kamanyola, chini bondeni, utakuta joto kali. Beba lita tatu za maji kwa kila mtu, na chandarua ukilala bondeni.

Kwenye Ngomo, dereva ashuke kwa gia ileile ambayo angepandia. Akitegemea breki tu, zitapata moto na kuacha kushika. Ukisikia harufu ya kuungua, simameni zipoe zenyewe, usizimwagie maji.

Ruzizi Moja na Ruzizi Mbili zitazame tu, usipige picha: ni mitambo ya umeme, tena iko mpakani. Usiteremke kuoga chini yake, kwa sababu maji huweza kupanda ghafla mitambo ikifunguliwa. Na chupa za plastiki rudi nazo nyumbani. Zile zinazotupwa ziwani Bukavu huishia kuziba mitambo hiyo, na sisi ndio tunaokosa umeme.

Karibu na Kamanyola, mto Ruhwa unaingia Ruzizi, na Congo, Rwanda na Burundi zinakutana. Kuanzia hapo maji yanatulia, mashamba ya mpunga yanaanza, na hatari inabadilika. Mamba hujificha kwenye maji ya rangi ya udongo, basi usichote maji wala kunawa ukingoni. Kiboko hutoka usiku kula majani na hurudi kwa njia yake ileile; ukiona njia pana iliyokanyagwa kuelekea majini, ondoka hapo kabla ya jua kuzama. Usisimame kamwe kati ya kiboko na maji.

Viboko wanaonekana vizuri zaidi mdomoni mwa mto, katika hifadhi ya Rusizi upande wa Burundi. Vuka mpaka wa Kavimvira ukiwa na hati zako, uingie na kiongozi wa hifadhi, asubuhi kabla ya joto.