SOMO: Kuangalia filamu za 3D nyumbani kwa miwani ya karatasi (soma yote ndipo uulize)

Wakuu, naandika hapa mara moja nisiulizwe tena inbox. Swali ni lile lile: "Nimenunua miwani ya karatasi (lenzi moja nyekundu, moja samawati), nimevaa, nimewasha TV, mbona hakuna kinachotokeza?"

Hakitatokeza. Miwani haitengenezi 3D, inagawa tu. Filamu yenyewe lazima ibebe picha mbili, moja ya jicho la kushoto na moja ya kulia, zilizopigwa kutoka sehemu mbili tofauti kidogo, kama macho yako yalivyoachana. Miwani inahakikisha kila jicho linapata ya kwake. Ukiivaa kuangalia bongo movie ya kawaida, utaona bongo movie hiyo hiyo yenye rangi mbovu.

1. Tafuta faili la 3D. Jina lake mara nyingi lina SBS (side by side, yaani picha mbili ubavu kwa ubavu) au HSBS (hivyo hivyo, ila kila picha imebanwa nusu ya upana). Ukilifungua bila mbwembwe unaona picha mbili zinazofanana, kushoto na kulia.

2. Lifungue kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video, kwenye kompyuta (unaweza kuiunganisha na TV).

3. Bonyeza Ctrl+E, nenda Video Effects, kisha Advanced, weka tiki kwenye Anaglyph 3D. Picha mbili zitalaliana zikiwa na kingo nyekundu na samawati. Zikionekana zimevutwa, bonyeza A mpaka zikae sawa.

4. Vaa miwani, NYEKUNDU JICHO LA KUSHOTO.

Hapa ndipo nilipoumbuka. Miwani ya kwanza niliitengeneza mwenyewe kwa nailoni za kufungia zawadi, nikazibandika kinyume. Tukakaa familia nzima kuangalia filamu ya baharini. Samaki waliotakiwa kuwa mbele wakaonekana wako nyuma ya matumbawe, na bado wanayafunika! Nyuso za watu zimebonyea kama unaangalia barakoa kwa ndani. Shemeji akasema kichwa kinamgonga, akaenda kulala. Mimi nikalaumu faili, nikalishusha upya, GB 4 za bando zikateketea. Matokeo yale yale. Siku ya tatu mtoto kavaa miwani nje ndani, akapiga kelele, "Baba, samaki huyu hapa!"

Kwa hiyo angalia sana. Mikono ya karatasi inakunjika pande zote mbili, na watoto huigeuza bila wewe kujua. Ukiona kina kiko kinyume, geuza miwani kabla hujagusa kitu kingine chochote. Na kama unatengeneza mwenyewe, andika neno jekundu kwenye ukurasa mweupe wa kompyuta. Kwa lenzi nyekundu neno lipotee, kwa lenzi ya samawati liwe jeusi. Lisipopotea au lisipokuwa jeusi, nailoni yako ni nyepesi, iongeze ya pili juu yake.

5. Zima taa. Toa TV kwenye ile hali ya rangi kali, weka ya kawaida. Kaa wima: ukilala ubavu kwenye kochi picha zinaachana, kwa sababu tofauti ya picha mbili ni ya kushoto na kulia, si ya juu na chini.

MASWALI

Kijana wa Bando: Mkuu nimeweka movie niliyorushiwa WhatsApp, sioni 3D. Au miwani feki?

Mwandishi: Soma aya ya pili.

Kijana wa Bando: Nimesoma, lakini ni HD kabisa.

Mwandishi: HD ni ukali wa picha. Umeona picha mbili kushoto na kulia? Hujaona. Basi.

Mama Pili: Kaka, shikamoo. Ile miwani ya kijivu tuliyopewa sinema inafaa hapa?

Mwandishi: Marahaba dada. Haifai. Ile haichuji rangi, inachuja mwelekeo wa mwanga, na TV ya kawaida haitenganishi picha mbili kwa njia hiyo. Hata kwa projekta inataka pazia la kung'aa kama fedha. Hii yetu ya rangi, ukuta mweupe unatosha.

Fundi Redio: Umetupotosha. Yangu ni kijani na zambarau, haifanyi kazi.

Mwandishi: Nimeandika nyekundu na samawati, sijapotosha mtu. Ipo pia ya kijani na zambarau, ipo ya manjano na bluu, na kila moja ina faili zake. Ungesoma somo vizuri ungejua hapa inatakiwa miwani ipi.

Asha wa Pwani: Samahani, mbona shati jekundu linametameta mpaka linaumiza?

Mwandishi: Swali zuri hili. Jicho la kushoto linaliona linang'aa, la kulia linaliona jeusi, ubongo unashindwa kuamua. Dawa ni kubadili faili kwa ffmpeg, programu ya kubadili video kwa kuiandikia amri kwenye kompyuta:

ffmpeg -i filamu.mkv -vf stereo3d=sbs2l:arcd -crf 18 -c:a copy mpya.mkv

Hiyo sbs2l ni ya HSBS. Kama ni SBS kamili weka sbsl. Ile arcd inapunguza mgongano wa rangi. Bado linakera? Weka arcg, upate nyeusi na nyeupe, macho yanapumzika kabisa. Faili hilo hata kwenye simu linaangalika. Usilibane sana tu, rangi zikivuja unaona vivuli viwili viwili.

Mzee wa Flashi: Mimi jicho moja halioni. Nitapata chochote?

Mwandishi: Pole mzee wangu. Kina hiki hutakipata, kinataka macho mawili. Ila André de Toth, aliyeongoza House of Wax ya 3D mwaka 1953, alikuwa na jicho moja.

Asha wa Pwani: Je, naweza kupiga picha zangu mwenyewe kwa simu?

Mwandishi: Unaweza. Simama, egemea mguu wa kushoto, piga. Hamia mguu wa kulia, simu isogee kama sentimita 6 hivi bila kuizungusha, piga tena. Kitu cha karibu kiwe mita 2 mbele yako au zaidi. Ziunganishe kwa programu ya kompyuta iitwayo StereoPhoto Maker, ni bure.

Asha wa Pwani: Nimejaribu kwa kuku wa mama, ametoka na vichwa viwili.

Mwandishi: Alisogea kati ya picha ya kwanza na ya pili. Anza na sufuria.