SOMO: Kupambana na papa mkubwa kwenye boti ndogo, kuanzia nanga mpaka kumwachia

Wakuu habari zenu. Watu wengi wanauliza jinsi ya kuvua papa mkubwa kwa fimbo ya kuvulia, na majibu wanayopewa ni ya nguvu tu, kaza breki ya rili (kile kifaa cha kukunjia mshipi), vuta, usiachie. Mimi naliona tofauti. Papa wa kilo 200 humshindi kwa mikono, unamshinda kwa boti, mwenye kazi kubwa ni aliyeshika usukani na aliyeshika fimbo anamsaidia. Na pambano liwe fupi, kwa usalama wenu na kwa uhai wake, maana hapa naongelea papa wa kumwachia, sio wa kumpandisha botini.

HATUA YA 1: Watu na boti
Muwe watatu: wa usukani, wa fimbo na wa kushika waya wa ndoano papa akifika ubavuni. Wawili inawezekana ila kwa boti ya mita 5 au 6 inakuwa tabu pale mwishoni. Sakafu iwe tupu kabisa, ndoo, kamba na fimbo za ziada zote zifungwe pembeni. Laifu jaketi zimevaliwa mwilini, sio zipo chini ya kiti. Mkasi wa kukatia waya uwe miwili, mmoja omo (mbele ya boti) mwingine tezi (nyuma), kisu hakikati waya na siku utakapouhitaji hutakuwa na muda wa kuvuka boti kuutafuta. Afu bandikeni tepu kwa nje ubavuni kila nusu mita, papa akija sambamba na boti unasoma urefu wake hapo hapo bila kumgusa.

HATUA YA 2: Nanga
Hii wengi wanairuka na ndo inayozamisha watu. Ukitega ukiwa umetia nanga, mwisho wa kamba ya nanga ufungwe boya kubwa, na fundo la kwenye boti liwe la kuvuta mara moja likafunguka. Papa akiuma unaachia kamba na boya, unaondoka, nanga utairudia baadaye. Boti iliyofungwa nanga haiwezi kumfuata samaki wala kumgeuzia omo, na ukikokotwa tezi ikiwa mbele wimbi moja tu linatosha kuingiza maji mpaka kwenye magoti.

HATUA YA 3: Vifaa
Mshipi wa kilo 36 kwenda juu, rili yenye mita 500 au zaidi. Ndoano ya duara na isiwe ya chuma kisichoshika kutu, nitaeleza kwenye maswali. Kutoka kwenye ndoano weka waya mita moja na nusu hadi mbili kwa ajili ya meno, afu nailoni nene mita 4 au 5, kwa sababu ngozi ya papa ni kama msasa, inafuta mshipi wa kawaida kila anapojigeuza, na mkia nao unaupiga. Hiyo sehemu nene lazima iwe ndefu kuliko papa mwenyewe. Kama unawania rekodi za IGFA (shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo) waya na nailoni kwa pamoja visizidi mita 9.14.

Breki pima kwa mizani kabla ya kutoka, usikadirie kwa kidole. Robo ya nguvu ya mshipi inatosha kuanzia, yaani mshipi wa kilo 36 unaweka kilo 9, ukizoea unapanda mpaka theluthi. Wanaosema mshipi huo ni mwembamba wakumbuke papa mweupe wa Alfred Dean, Ceduna Australia mwaka 1959, kilo 1,208 kwa mshipi wa ratili 130 ambao ni kama kilo 59. Samaki alizidi nguvu ya mshipi zaidi ya mara 20. (Siku hizi papa mweupe analindwa huko Australia na sehemu nyingine nyingi, kwa hiyo jua sheria ya maji unayovulia kabla hujatega.)

HATUA YA 4: Akiuma
Usikurupuke kupiga fimbo juu. Ndoano ya duara ukiipiga inachomoka. Mwache aondoke nayo, panda breki taratibu, fimbo ielekee alipo, ikishajikunja ujue ndoano imekaa kwenye kona ya mdomo. Fimbo nyingine zote zitolewe majini haraka, boya liachiwe, injini iwake.

HATUA YA 5: Pambano lenyewe
Mshika fimbo aende omo au pembeni ya omo. Papa awe mbele yenu kwa pembeni kidogo, boti inamfuata polepole, mshipi unarudi kwenye rili kwa mwendo wa injini na sio kwa mgongo wa mtu. Inua fimbo kidogo kidogo, shusha huku unazungusha, inua tena, usiinue mpaka juu ya kichwa maana hapo fimbo inavunjika na mgongo unaumia.

Kuna muda atazama moja kwa moja chini ya boti na kutulia huko, na hapo ndo watu wanapoteza saa nzima wananing'inia ubavuni, wote watatu upande mmoja, boti imelala. Msifanye hivyo. Ondoka na boti polepole huku mshipi unatoka, nenda mita 50 hadi 100, afu mvute ukiwa mbali, mvuto unakuja kwa mshazari na papa analazimika kupanda. Rudia. Ukiona nusu saa imepita hakuna kilichobadilika basi badilisha kitu wewe: upande, mwelekeo, breki.

Jicho lisitoke kwenye mshipi pale unapoingia majini. Ukianza kupanda kwa kasi kuja juu, hasa kwa papa mako, anakuja kuruka. Mako wanaruka mita kadhaa na wamewahi kutua ndani ya boti za watu. Usukani hapo asisubiri kuambiwa, atie gia mbele na kusogea mbali na upande ule.

HATUA YA 6: Akifika ubavuni
Hapa ndo hatari ilipo, kuliko hatua zote zilizopita. Papa aliyeonekana amechoka akiiona boti anapata nguvu upya. Mshika waya avae glavu nene na ashike kwa kiganja tu, asijizungushie mkononi, akihisi anavutwa aachie bila aibu. Ile nailoni anayoivuta asiirundike miguuni, aitupe nje ya boti majini kila anapoipokea. Pete moja ya nailoni ikikaa kwenye kifundo cha mguu na papa akaamua kuondoka, mtu anaenda nayo.

Mshika fimbo apunguze breki muda huo na abaki tayari. Boti isisimame, iwe kwenye gia ikienda mbele taratibu, hiyo inamweka papa sambamba, mkia unakuwa mbali na propela na maji yanapita kwenye matamvua yake anapumua.

HATUA YA 7: Kumwachia
Picha anapigwa akiwa majini. Mifupa yake ni gegedu na hana mbavu za kubeba uzito wake mwenyewe, ukimning'iniza kwa mkia viungo vya ndani vinaumia hata akiondoka anaogelea. Kata waya karibu na ndoano uwezavyo, bila kupeleka mkono karibu na kichwa. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu somo limeeleweka. Mshipi ukikaribia kuisha kwenye rili si ndo muda wa kukaza breki?
Jibu: Hapana ndugu, ni kinyume chake. Mshipi unapotoka, mzunguko uliobaki kwenye rili unakuwa mdogo, na upana wake ukifika nusu, breki ile ile inavuta mara mbili bila wewe kugusa kitu. Ongeza na mita 300 za mshipi zinazoburutwa na maji. Punguza breki kidogo na umwambie wa usukani amfuate.

Swali: Tukichoka tunaweza kufunga mshipi kwenye boti ili papa aikokote mpaka achoke?
Jibu: Usithubutu. Hakuna breki hapo, ama mshipi unakatika ama boti inalala upande ule. Na ukanda wa kubebea fimbo pia usifungwe popote kwenye boti. Mkichoka pokezaneni fimbo, kwa IGFA haitahesabika kama rekodi ila mgongo utapona na papa ataachiwa mapema.

Swali: Kwa nini umesema ndoano ya kushika kutu? Mimi nanunua za stenlesi zinadumu.
Jibu: Zinadumu na kwa papa pia, kaka. Kuna siku papa ataimeza ndoano au mtakata waya mbali nayo, ndoano ya chuma cha kawaida inaliwa na maji ya chumvi na kutoka, ile ya stenlesi anabaki nayo muda mrefu sana.

Swali: Samahani mwalimu, papa wote wanavumilia sawa? Nilimwachia papa nyundo akazama tu bila kuogelea.
Jibu: Hawalingani dada. Papa nyundo ni dhaifu sana kwa pambano, damu yake inajaa asidi haraka na anaweza kufa saa kadhaa baada ya kuachiwa. Yule mwenye mistari, taiga, ni mgumu zaidi. Ukimtambua nyundo mapema usiendelee kupambana, msogelee kwa boti na ukate, na kama eneo lina nyundo wengi hama.

Swali: Akipita chini ya boti mshipi ukaelekea kwenye propela nafanyaje?
Jibu: Paza sauti "nyutro!" na injini itolewe gia papo hapo. Wewe zamisha ncha ya fimbo majini, hata nusu ya fimbo iingie, mshipi ukae chini ya kila kitu, afu tembea nayo kuzunguka tezi mpaka utoke upande wa pili. Usimvute ukiwa katikati ya mzunguko huo, mwache achukue mshipi anaotaka. Gia inarudi ukishaona mshipi uko huru upande wako.

Swali: Na mtumbwi wa kayaki je?
Jibu: Papa wadogo sawa. Mkubwa ukimhisi, kata mshipi kabla hajakugeuza.