Shule za urubani Ontario: cheti cha Transport Canada hakilindi ada ya mtoto wako

Naandika kwa ajili ya wazazi, wajomba na mashangazi walioko nyumbani, na kwa sisi tulioko huku ambao hupigiwa simu kwanza pale mtoto wa ukoo anapotaka kuja Kanada kusomea urubani. Kama kuna familia inayouza kiwanja mwaka huu ili kijana aje Ontario kutafuta leseni ya rubani wa biashara, naomba wasitume fedha yoyote kabla ya kumaliza kusoma haya. Sisi tulituma. Shule ilifunga milango katikati ya majira ya baridi, mpwa wangu akabaki na kitabu chake cha saa za kuruka, na fedha za dada yangu hadi leo hazijarudi.

Nyumbani tumezoea kuuliza swali moja: chuo kimesajiliwa? Tanzania tunajua mambo ya NACTVET ya vyuo na TCAA ya usafiri wa anga, Kenya kuna TVETA na KCAA kwa kazi hizo hizo, na ukishaonyeshwa namba ya usajili roho inatulia. Huku swali hilo halitoshi, kwa sababu shule ya urubani ina wakubwa wawili na kila mmoja ana kazi yake. Wa kwanza ni Transport Canada, wizara ya usafiri ya serikali kuu. Ndiyo inayoipa shule cheti cha kufundisha watu kurusha ndege. Inakagua kama ndege ni nzima, kama wakufunzi wana sifa, kama mafunzo yanafuata kanuni. Fedha yako haiihusu. Wa pili ni serikali ya jimbo. Ontario ina sheria ya mwaka 2005 ya vyuo binafsi vya mafunzo ya kazi, na chini ya sheria hiyo yupo Msimamizi wa vyuo. Huyo ndiye wa ada, mikataba, marejesho na malalamiko. Shule inayouza mafunzo ya urubani wa kazi inatakiwa isajiliwe kwake kama chuo, halafu kila programu inayouzwa iidhinishwe peke yake.

Rudia hapo: kila programu peke yake. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kihalali kabisa, na bado kile alichouziwa mtoto wako kikawa nje ya idhini.

Mgawanyo huu una asili yake. Katiba ya Kanada ya mwaka 1867 iliacha elimu mikononi mwa majimbo. Anga ikaja kuwa ya serikali kuu, na Mahakama ya Juu ya nchi ikalipigia mstari jambo hilo mwaka 1952 katika kesi iliyotoka Manitoba, pale manispaa ilipotaka kuamua wapi kiwanja cha ndege kijengwe. Kwa hiyo shule ya urubani imesimama juu ya mpaka. Wenye shule wengi hawakufurahi kuwekwa kapu moja na vyuo vya ususi na ukatibu muhtasi. Walisema wanakaguliwa vya kutosha na Transport Canada. Mimi siwaungi mkono hata kidogo. Mkaguzi wa ndege anajua injini, hajui kama shule ina fedha za kulipa mishahara mwezi ujao.

Sasa mtego wenyewe, na hapa nitakaa kwa muda.

Safari ya kuwa rubani wa biashara Kanada kwa kawaida huanza na leseni ya rubani binafsi. Kanuni zinataka saa zisizopungua 45 za kuruka, na wengi huzidi hapo. Baadaye ndipo unajenga saa hadi kufikia 200 za leseni ya biashara. Leseni ya binafsi haimruhusu mtu kufanya kazi ya kulipwa ya urubani. Kwa sababu hiyo, peke yake haihesabiwi kuwa mafunzo ya kazi, na ulinzi wa jimbo unafuata mafunzo ya kazi. Mnaona nafasi iliyobaki hapo katikati? Kijana ambaye hajawahi kushika usukani wa ndege hutumia miezi yake ya kwanza, na fedha nyingi za kwanza, kwenye hatua ambayo shule inaweza kuiuza kama saa za kuruka tu, sawasawa na inavyomuuzia daktari mstaafu anayejifunza kuruka kwa starehe zake Jumamosi.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Barua ya udahili ilisema programu ya rubani wa biashara. Wakala naye alisema hivyo hivyo, na tovuti ya shule ilikuwa na nembo zote. Lakini risiti zilikuwa na lugha nyingine. Ninayo moja hapa mezani: juu kuna jina la shule, chini yake jina la mpwa wangu, halafu mstari mmoja unaosema ni malipo ya mbele ya saa za ndege na za mkufunzi, kwa bei ya punguzo. Namba ya programu haipo. Namba ya mkataba haipo. Shule ilikuwa imeeleza kwamba ukilipia saa nyingi kwa mpigo kila saa inashuka bei, na dada yangu, ambaye alikuwa anatuma shilingi zinazoyeyuka kila zikigeuzwa kuwa dola, aliona hapo ndipo ahueni ilipo. Mkataba wa programu iliyoidhinishwa ulikuwa usainiwe mpwa akishapata leseni ya binafsi. Hakuwahi kuupata, maana shule ilifungwa kabla.

Ontario ina mfuko maalumu wa kuwalinda wanafunzi wa vyuo hivi. Chuo kikifa, mfuko unasaidia mwanafunzi amalizie masomo kwingine au arudishiwe ada ya mafunzo ambayo hakupewa. Ni kitu kizuri, na natamani tungekuwa nacho nyumbani. Lakini unamlinda mwanafunzi wa programu iliyoidhinishwa. Mpwa wangu, kwa karatasi zake, alikuwa mteja aliyenunua saa za ndege. Akawekwa kwenye foleni ya wanaoidai kampuni iliyofilisika, nyuma ya benki iliyokopesha ndege.

Kwa hiyo nawaomba, na nitasema tena huko chini: msitazame barua ya udahili peke yake. Tazameni mkataba na risiti. Jina la programu lililoko kwenye mkataba lifanane neno kwa neno na lililoko kwenye orodha ya serikali. Wizara ya jimbo inayohusika na vyuo ina ukurasa wa bure ambapo unaandika jina la chuo na unaona kama kimesajiliwa na programu zake zilizoidhinishwa ni zipi. Halafu iandikieni shule barua pepe, mkiuliza waziwazi: hatua ya leseni ya binafsi imo ndani ya programu iliyoidhinishwa, au inauzwa pembeni? Wajibu kwa maandishi. Shule ya kweli itajibu siku hiyo hiyo. Ikianza kukuzungusha, au ikisema "msijali, iko chini ya Transport Canada", ondokeni. Narudia, Transport Canada hailindi ada.

Na msilipe mbele. Najua punguzo linavutia. Najua na wakala atasema nafasi zinaisha. Shule za urubani huendeshwa kwa fedha za leo kulipia mafuta ya jana, na zikiyumba huyumba ghafla. Marekani mwaka 2008 kampuni ya Silver State Helicopters ya Nevada ilifilisika na maelfu ya wanafunzi wakabaki na mikopo ya makumi ya maelfu ya dola kwa mafunzo ambayo hayakumalizika. California baadaye ilipotunga masharti yake, iliamua kuisamehe usimamizi wa jimbo shule ya urubani ambayo haimfungi mwanafunzi kwa mkataba wa deni wala haipokei malipo ya mbele yanayozidi dola 2,500. Fikirini maana yake. Watunga sheria wa huko waliona hatari yote iko kwenye fedha iliyotangulia mafunzo. Ukiweza kulipa kwa kila unaporuka, au kwa vipande vidogo, umejilinda kuliko sheria yoyote.

Ontario inakupa haki nyingine chache ambazo wageni hawazijui. Ukipokea nakala ya mkataba uliosainiwa, una siku 2 za kuuvunja kwa maandishi na kurudishiwa fedha yako yote. Chuo kikikutoza ada ya programu ambayo haijaidhinishwa, unastahili marejesho kamili. Mkataba unatakiwa uje pamoja na karatasi ya haki na wajibu wa mwanafunzi, na usipoiona, hilo peke yake ni dalili. Majimbo mengine yana utaratibu wao. British Columbia, kwa mfano, ina sheria yake ya mafunzo binafsi na mfuko wake wa kulinda ada. Vyuo vya umma vyenye urubani, kama Seneca, Sault na Confederation, haviko chini ya sheria hii ya vyuo binafsi na hatari yake ni ndogo zaidi, ingawa kuingia kuna ushindani mkali.

Mambo ya kawaida nayapita haraka. Kijana apimwe afya ya daraja la kwanza na daktari wa anga anayetambuliwa kabla ya kulipa chochote, maana wapo waliogundua matatizo ya kuona rangi wakiwa tayari huku. Kibali cha kusoma kinahitaji shule iwe kwenye orodha ya serikali kuu ya taasisi zinazopokea wageni, na fedha za kujikimu zinazotakiwa kuonyeshwa zilipanda mwaka 2024 kutoka dola 10,000 hadi 20,635, kisha zikapanda tena. Bajeti ya mafunzo ni kati ya dola 80,000 na 100,000 za Kanada, mara nyingi zaidi. Mambo ya kubadilisha leseni ukirudi nyumbani mnayajua, ni TCAA au KCAA na mitihani yao.

Lipo jambo jingine ambalo mawakala hulipaka sukari: kazi baada ya masomo. Chuo binafsi cha mafunzo ya kazi kwa kawaida hakimpi mhitimu kibali cha kazi kama kile cha wahitimu wa vyuo vya umma. Kwa urubani upo mlango mwembamba, wa mhitimu mwenye leseni ya biashara ambaye shule ya urubani inayotambuliwa imempa ajira ya ukufunzi. Usipange maisha ya familia juu ya mlango huo.

Ndugu zangu wa nyumbani, nawapenda, lakini hapa lazima niseme. Mtoto alianza kuitwa Kapteni kwenye kundi la ukoo kabla hata viza haijatoka. Michango ilipitishwa, picha yake mbele ya ndege ndogo ikasambazwa, na mtu aliyeuliza maswali ya mkataba aliambiwa anamwonea mtoto wivu. Shangazi, kuuliza risiti si wivu. Na wewe mzazi, kijana wa miaka 19 aliye peke yake kwenye baridi ya Ontario hawezi kumwendea mwenye shule kumdai nakala ya mkataba ikiwa ninyi mnampigia kila jioni kumuuliza ameshafikisha saa ngapi. Atawaambia mambo ni mazuri. Mpwa wangu alituambia hivyo wiki zote ambazo ndege zilikuwa zimelala bandani kwa kukosa bima.

Watu wa huku nimeishi nao miaka mingi na wana uungwana ambao siudharau. Ukiuliza, utajibiwa kwa upole na kwa ukweli. Usipouliza, hakuna atakayekushika bega akwambie unapotea, maana kwao kumshauri mtu mzima ambaye hajaomba ushauri ni kumwingilia. Afisa mmoja niliyezungumza naye baada ya shule kufungwa alinisikiliza hadi mwisho, akanipa pole kutoka moyoni, akanionyesha kifungu kinachomweka mpwa wangu nje. Hakukosea. Lakini kwetu, mhasibu wa chuo angemwona mama wa kijana anahesabu noti na angeguna kidogo, na mguno ule ungemwokoa. Nadhani jamii inayoamini kwamba kila kitu kimeandikwa mahali fulani inawaacha watu wake wapya wakiwa na upweke mkubwa mbele ya karatasi.

Kwa aliyekwisha kunaswa: shule ikiwa bado iko wazi, andika malalamiko kwa utaratibu wa shule yenyewe kwanza, weka nakala, kisha nenda kwa Msimamizi wa vyuo. Ikiwa imefilisika, mtafute mfilisi aliyeteuliwa na ujaze fomu ya madai, hata kama fedha inayotarajiwa ni kidogo, kwa sababu asiyejaza hapati kabisa. Tangu tarehe 8 Novemba 2024, mwanafunzi anayehamia taasisi nyingine anatakiwa kuomba kibali kipya cha kusoma, kwa hiyo asihame kienyeji kwa kuitwa na rafiki.

Na kuna kumbukumbu ya mafunzo ambayo shule huitunza kwa kila mwanafunzi, tofauti na kitabu chake cha saa. Humo mkufunzi anaandika kila zoezi na kusaini, na Transport Canada huitegemea wakati wa kuomba leseni. Shule ikifungwa, faili hilo linaweza kufungiwa ndani ya ofisi yenye kufuli la mdai. Mpwa wangu alikuwa na tabia ya kulipiga picha kila ukurasa unaposainiwa, na shule aliyohamia ilimhesabia saa zake karibu zote kwa sababu ya picha zile. Mwambieni mtoto wenu aanze kufanya hivyo siku ya kwanza anayoruka, na picha azitume nyumbani siku hiyo hiyo.