Ukiulizwa kuhusu Luther, King na Askofu Huddleston

Nafundisha Historia sekondari hapa Masasi, na jioni nakaa na klabu ya wanafunzi, Waislamu kwa Wakristo. Maswali yao nayajua kabla hawajanyoosha mkono. La kwanza halikosi: "Mwalimu, Martin Luther si ndiye aliyepigwa risasi Marekani?"

Usiwaache wenzake wamcheke. Gawa ubao kwa mstari. Upande mmoja andika Wittenberg 1517, upande wa pili Montgomery 1955. Huyu ni Martin Luther, Mjerumani, mtawa na mwalimu wa chuo kikuu. Yule ni Martin Luther King, Mmarekani mweusi, mchungaji wa Kibaptisti aliyeuawa Memphis mwaka 1968 akiwa na miaka 39. Kisha waeleze kuwa King alizaliwa akiitwa Michael, kama baba yake. Mwaka 1934 mzee huyo, mchungaji naye, alikwenda Ujerumani, na aliporudi akalibadili jina lake na la mwanawe. Wakishalisikia hilo hawawachanganyi tena.

Kwa Luther, anzia kwenye vyeti vya msamaha. Watu walitoa fedha wakiamini wanapunguziwa adhabu ya dhambi, wao na hata marehemu wao. Hoja zake 95 zilipinga biashara hiyo. Wakati ule hakuwa na nia ya kuanzisha kanisa lingine. Alitengwa na Kanisa Katoliki mwaka 1521. Usifiche pia kwamba mwaka 1543 aliandika maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi. Vijana wana haki ya kuyajua yote.

"Kwa nini King hakujibu mapigo?" Hapa usiwe na haraka. Panga madawati kama viti vya basi, wanne wakae mstari mmoja. Mwingine awe dereva, awaamuru wanyanyuke ili mzungu mmoja akae. Watatu wasimame, mmoja abaki. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 1 Desemba 1955 kwa Rosa Parks, fundi cherehani. Mwulize aliyebaki alijisikiaje kutazamwa na basi zima, halafu waulize watatu waliosimama. Majibu ya hao watatu ndiyo yanayofungua mjadala.

Baada ya hapo waambie watu weusi wa mji wa Montgomery, wakiongozwa na King, waliyasusa mabasi siku 381, wakitembea na kupeana lifti. Nyumba ya King ililipuliwa kwa bomu, mkewe na mtoto wakiwa ndani. Walisalimika. Umati ukakusanyika, wengine na silaha, naye akawasihi warudi makwao. Mgomo ule ulikuwa na nidhamu, na ulishinda mahakamani. Anayedhani kutopiga ni woga atafakari hapo.

Kuhusu Malcolm X, Mwislamu mweusi wa Marekani aliyepigania haki za weusi, utaulizwa tu: alihiji Makka mwaka 1964, na Oktoba mwaka huo huo alifika Dar es Salaam akaonana na Mwalimu Nyerere.

Trevor Huddleston hawamuulizi, kwa hiyo mlete wewe. Inaniuma kuona mtoto wa Masasi anaijua Montgomery na hamjui aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Kabla ya hapo alikuwa padri Sophiatown, Johannesburg, akipinga watu weusi kuhamishwa kwa nguvu. Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini alisimulia jinsi, akiwa mtoto, alivyomwona padri huyu mzungu akimvulia kofia mama yake. Kijana Hugh Masekela, aliyekuja kuwa mwanamuziki maarufu, alipata tarumbeta yake ya kwanza kwa msaada wake. Baadaye Huddleston, akiwa Uingereza, aliongoza harakati za kupinga ubaguzi wa Makaburu.

Wazee aliowapa kipaimara bado wapo. Watume vijana wawili wawili na daftari, wasiende wakati wa kuanika korosho. Waanze na shikamoo, wajitambulishe ni wa nani, ndipo waulize. Swali la "alikuwa mtu mzuri?" huleta jibu la "ndiyo" na mazungumzo yakaishia hapo. Waulize alifikaje kijijini, alisema nao kwa lugha gani, alikula wapi. Kabla ya kuaga wamsomee mzee walichoandika. Akisema sivyo, wafute palepale mbele yake.