Somo: Kupasha maji ya vifaranga vya kambale bila kumaliza uniti

Mwezi wa sita na wa saba hapa Mwanza jua la mchana linatudanganya. Alfajiri unatumbukiza kipimajoto kwenye beseni unakuta nyuzi 21, na kifaranga wa kambale anataka 26 hadi 30. Chakula cha jioni kimelala chini, wenyewe wamejikusanya kona moja.

Hatua ya kwanza, funika. Msinitangulie kwenye hita. Mimi nilinunua hita kabla ya nailoni, uniti zikaisha na vifaranga wakaendelea kufa. Joto jingi linapotelea juu, maji yanapovukiza. Tandaza nailoni ngumu, ila iache nafasi ya kiganja juu ya maji, maana kambale akishakua kidogo hupanda kuvuta hewa. Asubuhi igeuze uone matone yaliyojaa upande wa chini. Hilo ndilo joto lililokuwa linakutoroka kila usiku.

Pili, vika beseni. Yale maboksi meupe ya foamu ya kusafirishia minofu ya sangara, lililopasuka linatosha. Anza kuweka chini, sakafu ya saruji inanyonya joto.

Tatu, jua. Paka dumu la lita 20 rangi nyeusi, jaza maji, funga, lianike tangu asubuhi. Jioni lioshe na ulitumbukize kwenye beseni likiwa limefungwa. Likiwa na nyuzi 40, na beseni lina lita 80 za nyuzi 22, vitakutana karibu na 25 na nusu, taratibu, kifaranga hashtuki.

Hita inakuja mwisho, yenye kujizima yenyewe. Kupandisha lita 100 kwa nyuzi 5 ni kama uniti 0.6, kazi ya kuzilinda zisipotee ni ya nailoni na foamu. Pampu ya hewa isizimwe: maji ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya 30 hubeba 7.5 tu.

MASWALI

Dada wa Buswelu: Mwalimu, nikiweka jiko la mkaa chumbani usiku nikafunga mlango?

Jibu: Hapana dada yangu, nakusihi. Kaboni monoksidi haina harufu, inaua mtu usingizini. Na pampu itaivuta hewa hiyo hiyo mpaka majini. Chemsha maji nje, jaza kwenye chupa, funga vizuri, zielee kwenye beseni.

Kaka wa Igoma: Umeme ukikatika usiku kucha?

Jibu: Hizo chupa zitakusaidia kwenye joto. Hewa ndiyo shida, kaka. Vifaranga wasipewe chakula tena mpaka umeme urudi, na kila baada ya muda chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu.

Mzee wa Kirumba: Mimi nina sato. Nami nihangaike?

Jibu: Shikamoo mzee. Sato mkubwa anavumilia, ila chini ya nyuzi 20 anakula kidogo sana na hakui. Anza na nailoni, upime alfajiri wiki nzima, kisha utuletee namba tuzitazame.