Sampuli za sumu kutoka mochari mpaka maabara, somo la wanaoanza

Wadau, mashine iwe ya bei gani, ukiipatia damu mbovu itakupa majibu mabovu. Mkemia wa Serikali ako na maabara hapa Kisumu kwa hivyo kusema Nairobi ni mbali si kisingizio.

Anza na damu, na hapa msikimbie. Toa kwa mshipa wa paja, pale kinenani, na uufunge kwa juu kwanza ndio usivute damu ya tumboni. Mtu akishakufa, dawa zilizokuwa kwa ini na mapafu huanza kuhamia damu ya karibu, sasa ukichota ya moyo pekee unaweza kusema marehemu alimeza dozi ya kumuua kumbe wapi. Ya moyo chukua pia lakini kwa chupa yake, na lebo ya kila chupa iseme damu ilitoka wapi, mfano "damu ya paja la kushoto", si "damu" tu!

Chupa ni ile ya kifuniko cha kijivu, iko na sodiamu floridi, geuzageuza polepole ichanganyike. Hiyo inazuia vijidudu kutengeneza pombe humo ndani.

Halafu mkojo, maji ya ndani ya jicho (si machozi; haya ni dhahabu mwili ukianza kuoza), kipande cha ini, vitu vya tumboni. Kila kitu pekee yake na fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama za mwili, isikaribie. Piga sili, kila anayepokea aweke sahihi na saa. Friji nyuzi 4, zikikaa sana nyuzi 20 chini ya sufuri, na kwa hili joto la ziwa usibebe kwa boda bila barafu.

Maabarani, weka standadi ya ndani kwanza (kemikali ya kiasi unachokijua, ya kulinganishia), kisha asetonitrili baridi (kiyeyushi), protini zigande, zungusha kwa sentrifuji uchukue maji ya juu. Ini lisage kwanza.

MASWALI

Akinyi: Marehemu alikunywa dawa ya wadudu ya shamba, chupa ya kijivu inatosha?
Jibu: Haitoshi dada, floridi inavuruga kipimo cha kolinesterasi, kimeng'enya cha damu ambacho dawa nyingi za wadudu hukizima. Ongeza chupa ya EDTA (inayozuia damu kuganda), na polisi walete ile chupa ya dawa.

Wafula: Dereva mlevi, yuko hai, kabla ya kumtoa damu nipanguse ngozi na spiriti?
Jibu: Weee! Wakili atakumaliza. Tumia kitu kisicho na pombe.

Barasa: Wanashuku chang'aa lakini mwili ulishapigwa dawa huko Bungoma.
Jibu: Hapo kuna kazi, hizo dawa za kuhifadhi mara nyingi ziko na methanoli, ile pombe ya sumu inayopatikana kwa chang'aa mbovu, sasa ukiipata kwa damu utajuaje ni ya chang'aa? Chukua maji ya jicho, omba mochari sampuli ya dawa waliyotumia, na uandike kwa fomu wazi kabisa kwamba mwili ulipigwa dawa kabla.