Unavyoomba kibali cha kuokota konokono wa kichocho Tanga

Wadogo zangu mnaokuja Tanga kuokota konokono kwa ajili ya utafiti wa chuo, kabla hujafuatilia barua yoyote kaa na andiko lako la utafiti kwanza, maana ukiandika tu "nitakusanya konokono" utaulizwa wepi na utawatambuaje, na hapo ndo wengi wanarudishwa.

Kichocho cha mkojo huku kinabebwa na konokono wa maji baridi anayeitwa Bulinus. Mshike ncha ikiwa juu, mdomo wa gamba ukutazame, utauona uko kushoto na hauna kifuniko. Kuna konokono mwingine, Lanistes, naye mdomo wake uko kushoto ila ana kifuniko, huyo muache dimbwini. Kazi ipo kwa Bulinus globosus na Bulinus nasutus, hawa ni ndugu wa karibu mno, globosus kajaa tumbo na nasutus kachongoka zaidi, lakini gamba linabadilika kwa umri na kwa maji aliyokulia kwa hiyo mkiwa wawili mtabishana mpaka jua lizame. Na si jambo dogo jamani, Unguja ilionekana globosus ndo anaeneza ugonjwa, nasutus hapana, sasa ukikosea jina unaenda kumwaga dawa ya kuua konokono kwenye dimbwi lisilo na kosa. Ndo maana andika kabisa kwamba utapima vinasaba, jeni ya COI ya mitokondria (viungo vidogo vya seli vyenye vinasaba vyao), na ITS, kipande cha vinasaba vya kiini cha seli kinachotoka kwa wazazi wote wawili, kama hela inatosha, kwa sababu COI inarithiwa kupitia yai peke yake na kama hao wawili wamechanganya damu haitakuonyesha.

Andiko likikaa sawa, chuo kinakupa barua ya kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, mkoa unakuandikia wilayani, wilaya kwa mtendaji wa kata, kata kijijini. Beba kopi nyingi, kila ofisi inabaki na yake. Kijiji usikiruke hata siku moja, mwenyekiti ndo anajua watoto wanaoga wapi. Mtafiti wa kigeni anaanzia COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ukitaka na mkojo wa wanafunzi hiyo ni idhini ya maadili, kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na sampuli zikienda nje ya nchi lazima kuwe na mkataba wa kuzihamisha.

Ukishapata kibali vaa mabuti ya mpira na glavu, vimelea vinapenya hata ngozi isiyo na kidonda. Kila konokono kichupa chake, piga picha gamba pamoja na rula, halafu mchovye kidogo kwenye maji ya moto mwili uvutike utoke bila kuvunja gamba, kata kipande cha mguu weka kwenye ethanoli. Gamba litunze kavu, namba ileile ya kichupa, iandike kwa penseli kwenye karatasi ya kutumbukiza ndani maana wino unayeyuka kwenye ethanoli, nimeshaona kazi ya miezi ikapotea hivyo na roho iliniuma.

Na majibu yakitoka rudisha kopi kijijini, wale watu wanataka kujua bwawa lao lina yupi.